Askari Saba wa Bati

Sisi tuliokulia Malangali ya Sumbawanga kabla picha haijaingia ndani ya simu tulijua kwamba kupigwa picha ni shughuli. Mpiga picha alikuja kutoka mjini kwa baiskeli, sanduku lake limefungwa nyuma kwa mpira, na habari zake zilitangulia siku mbili kabla yake. Baba aliazima koti. Mama alitupaka mafuta mpaka nzi wakateleza usoni. Tulipangwa mstari kama mahindi, mikono imebanwa mapajani, na hakuna aliyecheka, maana ilisemekana ukicheka picha inaungua na hela haitarudi. Leo nawaona vijana wa Mazwi, katikati ya mji, wanapiga picha sahani ya chipsi. Wanaizunguka, wanaiinamia, wanaibembeleza, mpaka chipsi zinapoa. Sisi hatukuwahi kuacha chakula kipoe. Kwa baridi ile ya mwezi wa sita, upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi, ugali wa ulezi uliuwahi ungali unatoa moshi au uliukuta umegeuka tofali.

Kila mtoto alikuwa na kitu anachokusanya. Wengine walikusanya vizibo vya soda, wengine maganda ya sigara, na binti mmoja wa jirani yetu alikuwa na kopo zima la vifungo vya mashati ambalo hatukuwahi kujua alilijazaje, ila wanaume wengi wa mtaa ule walitembea vifua wazi. Mimi nilikusanya askari.

Sisemi askari wa udongo, hao kila mtu alikuwa nao. Nasema askari wa kweli, waliopigwa picha juu ya bati. Msomaji wa rika langu huenda amewahi kuziona, wengine mtabisha. Ni kipande cha chuma chembamba, kidogo kuliko kiganja, kimepakwa rangi nyeusi kama lami, na ndani ya weusi huo mtu anatokea taratibu kadiri unavyokigeuzia jua. Kwanza vifungo, halafu mkanda, halafu macho. Wazee walisema zilitoka enzi za Mjerumani na mwanzo wa enzi za Mwingereza, vijana wa Ufipa walipochukuliwa jeshini, na huko kambini au bandarini walimkuta mtu mwenye sanduku la miguu mitatu aliyeweza kukupiga picha na kukukabidhi palepale, ingali na unyevunyevu. Wakazituma nyumbani. Nyingine zilitangulia, wenyewe wakafuata; nyingine zilitangulia, wenyewe wasifuate. Baadaye maishani nimekutana na watu wenye elimu zao wakaniambia picha za namna hiyo ni adimu sana kwetu, labda nimechanganya. Sikuchanganya. Nilikuwa nazo saba.

Ya kwanza niliikuta ikiwa mfuniko wa kopo la ugoro la mzee mmoja. Ya pili niliiokoa kwa fundi wa kuziba ndoo. Alikuwa ameshainyanyulia mkasi. Nyingine nilipewa na akina bibi baada ya kuwachotea maji au kuwasagia ulezi, kazi ambayo wavulana wenzangu waliicheka. Waache wacheke. Nilipiga magoti, nikapiga makofi kama tulivyofunzwa kusalimia wakubwa, nikasema shikamoo, nikaomba. Bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu, hicho ni kibati kibovu, kina kutu, utajikata nacho." Nikamwambia nitajikata vizuri.

Nilizihifadhi ndani ya soksi moja ya shule iliyobaki baada ya mwenzake kupotea. Kila askari nilimpa jina: Kapteni Sharubu, Sajenti Mguu, Koplo Usingizi. Na wote, nawahakikishia, walikuwa mashoto. Bunduki zao zilikaa upande wa kushoto, na vifungo vya koti vilifungwa kama vya gauni la mama. Kwa hiyo tulipocheza vita kwenye shamba lililovunwa, nililazimisha jeshi langu zima kulenga kwa mkono wa kushoto. Jeshi langu lilikuwa Masanja. Familia yake ilikuwa imehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wengi kuliko nyumba za mtaa wetu, na alikuwa mtoto pekee aliyekubali amri zangu, kwa sababu ng'ombe wakishashiba mchungaji hana la kufanya.

"Ninyi Wafipa mna vita vya ajabu," alikuwa akilalamika. "Sisi kwetu adui anapigwa kwa mkono wenye nguvu."

"Ninyi kwenu mnajua kupiga ng'ombe tu. Shika kushoto."

Ilipita miaka mingi kabla mpiga picha mmoja wa Mpanda hajanieleza kwamba bati lile humnasa mtu kama kioo kinavyomnasa, kulia ikawa kushoto. Nilisikitika. Nilikuwa nimewazoea wakiwa mashoto.

Sasa, askari wa nane ndiye aliyenitoa kwenye mchezo.

Nyuma ya kwetu, mpakani na mashamba, aliishi Bibi Felista. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutii kengele ya kanisa na kutotii kitu kingine. Ukutani kwake, kando ya picha ya Mama Maria, palining'inia picha ya bati kwenye msumari. Ilikuwa imeliwa na moshi wa miaka na miaka, maana sebule na jiko vilikuwa chumba kimoja. Huyo alikuwa baba yake, Kasiano. Alichukuliwa na jeshi la Mjerumani Bibi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akatuma picha ile, na baada ya hapo hakutuma kitu tena. Mama yake Bibi ndiye aliyeitoboa pembeni kwa msumari ili ikae ukutani. Hakukuwa na picha nyingine ya mtu yule popote duniani.

Niliiomba mwaka mzima. Nilichota maji. Nilipalilia. Alipokula maharage nilimsifia maharage. Jibu lilikuwa moja: "Baba yangu hakai kwenye soksi."

Halafu siku moja akaniita mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na mimi sikuwa nimetambua hali imefika wapi.

"Njoo hapa, wewe mkusanya watu," akasema. "Mimi kwenye bati hili sasa naona giza tu. Hata zamani niliona kidogo, moshi ulishaniwahi. Nakuazima mpaka Jumapili baada ya misa. Mwangalie vizuri, wewe una macho. Ukirudi utaniambia baba yangu yukoje. Umesikia? Si kumchezea. Kumwangalia."

Nilitoka pale nikitembea kama niliyepewa cheo. Nilisimama juani, nikaigeuza. Niliona kofia yenye kitambaa kinachoning'inia mpaka shingoni. Niliona jicho moja limebanwa kidogo, kama la mtu anayezuia chafya. Niliona kovu fupi kidevuni, au mkwaruzo wa bati, sikuwa na hakika. Sehemu nyingine zote zilikuwa masizi. Nikajiambia, kazi hii nimepewa mimi na nitaifanya kuliko alivyotegemea. Nitamsafisha.

Lazima nieleze jinsi tulivyolelewa, ama sivyo mtaniona mpumbavu. Nyumbani kwetu, heshima ya mama ilipimwa kwa mgongo wa sufuria. Kila jioni vyombo vilipelekwa mtoni vikasuguliwa kwa majivu na mchanga, halafu vikapangwa kwenye kichanja juani, na mgeni akipita njiani alihukumu ukoo mzima kwa mng'ao ule. Mama alikuwa na msemo: "Cheusi hakikuzaliwa cheusi, kimekosa mkono." Nilikuwa bingwa. Dada zangu walinichukia kwa sababu ya sufuria zangu. Kwa hiyo nilipokuwa na kipande cha chuma chenye masizi mkononi, mikono yangu haikuniuliza chochote. Ilichota majivu.

Nilishuka mtoni, na Masanja alikuwa ng'ambo na ng'ombe wake. Nilisugua kwanza pembeni, masizi yakatoka vizuri, rangi ya maji ikawa kama chai. Nikaongeza mchanga. Nikasugua kwa mduara, kutoka nje kwenda ndani, kama alivyonifundisha mama. Nikasuuza. Nikainua juu.

Iling'aa. Sijawahi kung'arisha chuma vile. Kiling'aa pembe kwa pembe, na hakikuwa na mtu.

Nakumbuka niliangalia majini. Akili ya mtoto ni kitu cha ajabu. Nilidhani labda ameangukia mtoni, naweza kumuwahi kabla hajafika darajani.

Masanja alivuka, akachukua bati, akaligeuza upande wa pili, akaligeuza tena. "Ameenda wapi?"

"Nimemsugua."

"Wote?"

"Kuna wangapi? Alikuwa mmoja!"

Akafikiri kama anavyofikiri mtu mwenye ng'ombe wengi. "Sikiliza. Sisi ndama akifa na mama yake anagoma kutoa maziwa, tunamvisha ndama mwingine ngozi ya marehemu. Ng'ombe ananusa, anakubali. Wewe unao askari saba. Mpe mmoja. Bibi haoni."

Mwenye akili timamu angekataa. Mimi nilitumia siku tatu kuchagua. Nilimchagua Koplo Usingizi, kwa kuwa alikuwa mweusi zaidi na kofia yake ilifanana. Jumapili baada ya misa nikapiga magoti mlangoni kwa Bibi Felista, nikapiga makofi, shikamoo, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Hakulitazama kabisa. Alipitisha kidole gumba pembeni, pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia. Kisha akauliza kwa upole kabisa, upole ambao ningeubadilisha kwa fimbo kumi:

"Baba yangu ana tundu la msumari. Huyu ni baba wa nani?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema Koplo Usingizi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Yule mtu nililala naye kwenye soksi miaka miwili, nilimjua mkunjo wa suruali, na sikuwahi kumuuliza bibi aliyenipa kwamba huyu ni nani.

Nikatoa lile bati linalong'aa mfukoni. Nikamwekea mkononi, nikamwambia yote: majivu, mchanga, mto, na Masanja na ndama wake. Alilipapasa. Gumba likakuta tundu, likakaa hapo. Kuku aliingia ndani, akatembea, akatoka.

"Wa kwangu umemfuta sura," akasema mwishowe, "lakini jina lake ninalo. Hao wako saba wana sura, na majina umeyafuta wewe. Nani kati yetu ana hasara kubwa?"

Gumba lake likarudi kwenye tundu.

"Ulimwona kabla hujamsugua?"

"Ndiyo, Bibi. Kidogo."

"Kaa chini. Niambie."

Nikaanza. Kofia, kitambaa cha shingoni, jicho lililobanwa. Nikaona uso wake unalainika, nikapata tamaa ya kumpa zaidi. Nikasema ana mabega mapana, ana tabasamu.

"Ulilionaje tabasamu ndani ya masizi?"

"Nili... nilidhani."

"Usiongeze. Wewe ndiye jicho langu la mwisho, ukiongeza umeniua mara mbili. Masikio?"

"Sikuyaona. Kitambaa kilifunika."

"Basi hana masikio. Endelea."

Tukamaliza. Alikuwa kofia, jicho, na kovu la kidevuni ambalo nilimwambia huenda ni mkwaruzo. Hapo kwenye kovu alinishika mkono. "Mama alisema aliwahi kuanguka kwenye jembe," akasema. Ni mara pekee nilipomwona analia, na hakulia kwa huzuni.

Adhabu yangu ilikuja baadaye, na mama aliposikia aliiunga mkono kwa fito mbili za ziada. Nilitakiwa kuwarudisha askari wote saba walikotoka, na kila nyumba niulize jina, jina la baba, na kijiji. Sikutakiwa kuandika. Bibi Felista hakujua kusoma na hakuona sababu ya karatasi kujua asichojua yeye. Nilitakiwa kurudi na kumtamkia.

Nawaambia ukweli, kazi ile ilikuwa tamu kuliko kukusanya. Mzee wa ugoro alicheka mpaka akapaliwa alipotambua mfuniko wake ni kaka wa baba yake. Sajenti Mguu alikuwa na watoto tisa na alikufa kwa uzee kitandani kwake, jambo lililonikatisha tamaa kidogo. Kapteni Sharubu hakuwa kapteni, alikuwa mpishi. Watu niliodhani hawana habari na vibati vyao walinikalisha, wakanipa mahindi ya kuchoma, wakaanza kusimulia, na nilipoondoka walikuwa wamevipigilia ukutani. Sita walirudi hivyo. Wa saba, Koplo Usingizi mwenyewe, bibi aliyenipa alikuwa amekufa na watoto wake walishahama. Majirani wakaniambia niulizie kijiji cha Mollo. Mollo wakanielekeza kwingine. Nilikuwa darasa la sita. Niliomba ruhusa ya siku mbili, na mpaka leo sijarudi darasani.

Sijutii sana. Ile safari ilinifungua miguu, na miguu ikifunguka haifungiki. Nimeshona viatu Mpanda, nimepakia samaki Kasanga, nimelinda ghala Tunduma, nimeuza sabuni Mbeya. Kila mahali nikisema natokea Sumbawanga watu wanajua sifa zetu za uganga, wananiachia benchi zima nikae peke yangu, na mimi sijawahi kukanusha maana napenda kunyoosha miguu. Na kila mahali, nikiingia nyumba ya watu na kuona picha ukutani, sisifii fremu. Nauliza: huyu nani? Koplo Usingizi ninaye bado. Nimemuulizia zaidi ya nusu ya uwanda wa Ufipa. Jina lake sijalipata.

Kila nilipopita nyumbani, hata iwe baada ya miaka miwili, nilianzia kwa Bibi Felista. Alikuwa kipofu kabisa sasa. Aliitikia shikamoo, akanipa kigoda, akasema, "Haya, baba yangu yukoje?" Nami nilimwambia baba yake, kofia mpaka kidevu, bila kupunguza wala kujaza. Alinisikiliza kama anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Mwaka aliofariki nilikuwa mbali. Nilifika kaburi likiwa limeshaota majani.

Enzi zetu, basi, sura zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na mtu wa kuisemea. Siku hizi mtoto wa darasa la kwanza ana picha nyingi kuliko mabalozi wote wa nyumba kumi wa enzi zetu, na ukimuuliza huyo uliyesimama naye harusini ni nani, anakwambia, "Sijui, alikuwepo tu." Siwalaumu. Wao wanaamini simu inakumbuka. Sisi tuliamini ukuta.

Mwezi uliopita niliitwa Mazwi na Jenista, kitukuu wa Bibi Felista, fundi cherehani hodari mwenye mdomo wa kwao. Ukoo unakutana, wanataka fulana zenye picha ya Mzee Kasiano kifuani. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye "yule babu aliyemsugua."

"Shikamoo babu. Usiogope, hatukushtaki," akasema. "Tupatie maelezo tu. Nina programu humu, unaiambia mtu yukoje, inamchora."

Nikamwambia kofia, kitambaa, jicho, kovu. Akaandika kwa vidole gumba viwili, haraka kuliko cherehani yake. Haikupita hata dakika. Akanigeuzia simu.

Alikuwa mwanaume mzuri kupita kiasi. Ana mabega. Ana meno. Ana nishani tatu na machweo nyuma yake. Kovu limekaa kidevuni kama limepakwa na saluni.

"Ndiye?"

"Siye."

"Aa, babu! Imekosea wapi? Nirekebishe."

"Hujakosea wewe. Lakini siye."

"Fulana zinachapishwa kesho." Akaishusha sauti, akanisogelea kama mtu anayempunguzia mteja bei. "Babu, tuseme ukweli. Nani atajua?"

Waliomwona Kasiano akiwa hai walishakufa wote. Binti yake, aliyeishi naye ukutani, hayupo, na watoto wa huyo binti walikuta masizi matupu. Masanja siku ile alifika mtoni nimeshamaliza. Nilihesabu upande huu na upande ule, nikajikuta nimebaki mmoja.

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Kwa sasa."

Jenista akanitazama. Alitazama mvi zangu na viatu vyangu vya safari. Kisha akailaza simu kifudifudi juu ya cherehani, akavuta stuli, akakaa goti kwa goti na mimi.

"Haya," akasema. "Taratibu, nimshike vizuri kichwani. Anzia kwenye kofia."